Kazi za mikono za Krismasi kwa watoto wa miaka miwili, minne na sita: wafanye nini kwa vitu vya nyumbani?

Mama Watatu

Habari zenu wapendwa. Ninaomba ushauri kuhusu mapambo na kazi nyingine za mikono za Krismasi ambazo watoto wadogo wanaweza kuzifanya kwa vitu vilivyomo nyumbani. Ninao watatu: wa kwanza ana miaka sita, wa pili ana minne, na kitindamimba ametimiza miwili hivi karibuni. Vifaa nilivyonavyo ni maboksi, magazeti ya zamani yenye picha za rangi, mirija ya kadibodi inayobaki karatasi za chooni zinapokwisha, trei za mayai, vizibo vya chupa, uzi wa sufu, vibanio vya nguo, unga wa ngano, chumvi, na mkasi mmoja wa watoto wenye ncha butu. Gundi nyeupe imebaki kidogo tu.

Mifano mingi ninayoiona inapendeza, lakini ukiitazama vizuri unagundua kwamba mtu mzima ndiye atakayekata, atakayekunja na atakayepaka, kisha mtoto ataitwa mwishoni abandike jicho moja. Ningependa kazi ambayo mtoto mwenyewe ataweza kusema ameifanya. Jambo la pili ni kwamba watoto hawa hukaa meza moja, kwa hiyo siwezi kusimamia kazi tatu tofauti kwa wakati mmoja. Tena kitindamimba bado anatia kila kitu kinywani.

Mwalimu wa Awali

Mama Watatu, salamu. Malalamiko yako kuhusu ile mifano ni ya haki kabisa. Mingi imebuniwa ili ipendeze pichani, na mtoto hakufikiriwa. Njia ninayoitumia ni kuanza na mkono wa mtoto, yaani kile ambacho mkono wake tayari unaweza, kisha ndipo ninapochagua pambo. Mtoto wa miaka miwili huchana karatasi, huifinyanga, huchovya kidole kwenye rangi na kubandika popote atakapo. Kukata bado. Karibu na miaka mitatu wengi huanza kudonoa ukingo wa karatasi kwa mkasi, kwenye minne huweza kufuata mstari ulionyooka, na duara au umbo lenye kona nyingi huja baadaye, kwenye mitano au sita. Watoto hutofautiana, lakini mpangilio huo unatosha kukusaidia kugawa kazi moja kwa watu watatu.

Kwa meza moja yenye umri tofauti, sijaona kazi inayoshinda mnyororo wa karatasi. Mkubwa apime na kuchora mistari kwa rula kwenye kurasa za magazeti, kila ukanda uwe na upana wa sentimita 3 na urefu wa sentimita 20 hivi. Wa miaka minne akate kwa kufuata mistari hiyo, na akichoka mpe karatasi nyembamba zaidi, yenye upana wa sentimita 2, ambayo mkasi huimaliza kwa kubana mara moja. Hapo kila kubana ni ushindi na hakuna mstari wa kupotea. Kitindamimba achane karatasi za rangi vipande vipande, navyo vibandikwe juu ya kanda kabla hazijaunganishwa, ili mnyororo uwe na mchango wake unaoonekana.

Mtazame wa miaka minne anavyoshika mkasi. Watoto wengi hugeuza kiganja chini, kiwiko kikapanda juu, na mkasi ukatafuna karatasi badala ya kuikata. Mwambie kidole gumba kitazame juu, kiwiko kibaki ubavuni, nawe umshikie karatasi ikiwa imesimama wima mbele yake. Badiliko hilo dogo hufanya kazi kubwa kuliko maelekezo mengi.

Gundi isikutie wasiwasi. Koroga nusu kikombe cha unga wa ngano katika nusu kikombe cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, kisha mimina polepole kwenye kikombe kimoja na nusu cha maji yanayochemka huku ukikoroga. Acha moto mdogo kwa dakika chache hadi mchanganyiko uwe mzito na kung'aa kidogo, kisha uache upoe kabisa. Kazi hii ya jikoni ni ya mtu mzima peke yake. Gundi hiyo hukaa siku chache kwenye friji, na ikianza kunuka itupwe. Paka kidogo, kwa sababu ikizidi karatasi hujikunja na kukauka ikiwa na makunyanzi. Kwa kuwa haishiki papo hapo kama ile ya dukani, mtoto abane kiungo kwa vidole huku akihesabu hadi kumi, au kibanio cha nguo kishike badala yake.

Mnyororo huo huo unaweza kuwa kalenda. Wanaoanza tarehe 1 Desemba wanahitaji pete 24, moja ikatwe kila siku hadi mkesha. Wanaofuata Majilio ya kanisa wakumbuke kwamba kipindi hicho huanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi, kwa hiyo siku ya kwanza husogea kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, na pete zitakuwa kati ya 22 na 28 kulingana na mwaka.

Mirija yako ya kadibodi usiitupe. Ibonyeze iwe bapa, kisha wewe mwenyewe ukate vipande vya upana wa sentimita 1, maana kadibodi hiyo ni ngumu kwa mkasi wa watoto. Kila kipande ukikiachia hufunguka na kuwa umbo la jani lenye ncha mbili. Majani matano yakikutanishwa kwa ncha moja moja katikati yanakuwa nyota, na sita yanakuwa ua linalofanana na chembe ya theluji, ambayo kwa asili ina pande sita. Mwenye miaka sita anaweza kuyapanga na kuyabana kwa vibanio mpaka yakauke, na wadogo wapake rangi kwa vidole. Nyota zilizochongoka pande zote, zile za pembe ishirini na kitu zinazokunjwa kwa karatasi, waachie watoto wa shule waliokwisha kujifunza jometri. Kwa hawa wako zitaleta machozi.

Fundi wa Jikoni

Mwalimu amesema vema kuhusu karatasi, ila mimi nashangaa unga na chumvi vimetajwa kwenye orodha halafu vikapitwa isipokuwa kwa gundi. Mapambo ya donge la chumvi ndiyo yanayodumu. Kipimo ni rahisi kukumbuka: vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi laini, na maji yasiyozidi kikombe kimoja, yakiongezwa kidogo kidogo huku ukikanda. Donge likishika vidole, ongeza unga. Likipasuka ukingoni unapolisukuma, lowesha mikono na ukande tena. Usitumie chumvi ya mawe, kwa kuwa punje zake huacha vishimo na pambo huvunjika hapo.

Sukuma donge liwe na unene wa nusu sentimita. Likiwa jembamba zaidi hupinda, na likiwa nene zaidi nje hukauka wakati ndani bado pabichi. Mkubwa akate maumbo kwa kikatio cha biskuti au kwa mdomo wa glasi, na wa miaka minne akandamize vitu vyenye alama juu yake: jani lenye mishipa, kitambaa cha lesi, uma, mfuniko wa kalamu. Akinyanyua jani lile polepole kwa kikonyo chake, aone mishipa yote imebaki kwenye unga hadi ile midogo ya pembeni, atataka kurudia kwa kila jani lililoko nje. Tundu la kupitishia uzi litobolewe kwa mrija wa kunywea kabla ya kukausha, sentimita moja kutoka ukingoni, kwa sababu baada ya kukauka ukitoboa utavunja.

Kukausha ndiko kunakoharibu kazi za wengi, kwa kuwa watu wana haraka. Oveni iwe kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, mapambo yakae saa mbili hadi tatu, na yageuzwe katikati ya muda huo. Ukipandisha moto ili uwahi, hewa na unyevu vilivyomo ndani hutanuka na pambo huvimba malengelenge. Asiye na oveni ayaweke mahali pakavu penye hewa, ayageuze kila siku, na asubiri siku kadhaa. Katika majira ya unyevunyevu njia hii huwa ya mashaka. Yakipoa yapakwe rangi, na rangi ikikauka yapakwe vanishi au gundi nyeupe pande zote mbili pamoja na ndani ya tundu. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, hivyo sehemu yoyote iliyoachwa wazi ndiyo itakayoanza kulainika.

Kwa kitindamimba, alama ya kiganja inatosha. Kata duara kubwa kuliko mkono wake, mkandamizie kiganja, andika mwaka nyuma kwa kijiti cha meno, basi.

Mama Watatu

Ninawashukuru sana, Mwalimu na Fundi. Nina maswali mawili yaliyobaki. Kitindamimba akionja donge hilo la chumvi kuna hatari gani? Tena huyu mkubwa anadai kwamba pambo lisilometameta si la Krismasi, anataka ile glita ya unga. Je, kuna mbadala wake nyumbani?

Muuguzi wa Watoto

Dada, swali lako la kwanza ni zito kuliko linavyoonekana. Kuonja kidogo kwa ulimi mara nyingi kutamfanya akunje uso na kuacha, lakini donge hilo lina kiasi kikubwa sana cha chumvi, na mtoto mdogo akimeza kingi, kiwango cha sodiamu katika damu yake kinaweza kupanda hadi kuhatarisha maisha. Zaidi ya hapo, unga mbichi si chakula kilicho tayari kuliwa, kwani unaweza kubeba vimelea ambavyo hufa kwa kupikwa tu. Kwa hiyo natofautiana na Fundi kwa heshima. Mtoto ambaye bado anatia kila kitu kinywani asikae mezani na donge hilo. Kama mnataka alama ya kiganja chake, mtu mzima amshike mkono, aukandamize, amnawishe papo hapo, kisha donge liondolewe. Wenye mbwa nyumbani wajue kwamba kwa mnyama huyo pia ni hatari, tena hata lililokwisha kukauka na kutundikwa kwenye mti.

Kuhusu vitu vidogo, mrija wa karatasi za chooni ulionao ni kipimo kizuri. Watengenezaji wa vitu vya kuchezea hutumia silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7 kupima kitu kinachoweza kumziba koo mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Mrija wako una upana wa sentimita 4 hivi, yaani ni mkubwa kidogo kuliko silinda hiyo, kwa hiyo unakosea kwa upande wa usalama. Kinachopita ndani yake kiondolewe mbele ya kitindamimba. Vizibo vya chupa vitapita, vifungo vya nguo vitapita, shanga nazo vilevile. Wakubwa wavifanyie kazi anapolala, na vibandikwe imara kabla hajaamka.

Hata hivyo, zaidi ya vizibo ninahofia betri bapa za duara, zile za saa, ambazo hupatikana ndani ya kadi zinazoimba na vitaa vidogo vya mapambo. Zikikwama kwenye umio, yaani njia ya chakula, huunguza nyama ndani ya saa mbili tu. Kitaa ambacho mfuniko wake wa betri haukufungwa kwa skrubu kisiingie katika kazi za watoto, na ikishukiwa kwamba mtoto amemeza betri, apelekwe hospitali mara moja bila kungoja dalili.

Sasa glita. Ile ya plastiki ni vipande vidogo visivyooza, na Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia uuzaji wa glita ya plastiki isiyoshikizwa mnamo Oktoba 2023 kwa sababu hiyo. Kwa mtoto, tatizo la karibu zaidi ni kwamba huingia machoni na kukwaruza. Mbadala ni chumvi ya rangi: tia chumvi kwenye chupa ya plastiki yenye mfuniko, dondoshea matone machache ya rangi ya chakula, tikisa, kisha itandaze kwenye sinia mpaka ikauke. Mkubwa wako achore kwa gundi nyeupe ile kidogo uliyo nayo, anyunyizie chumvi, akung'ute inayobaki. Punje zake huakisi mwanga, ingawa si kwa ukali wa glita. Sukari ingemetameta pia, ila itawaita sisimizi.

Trei za mayai za kadibodi haziwezi kuoshwa. Yenye doa la yai lililokauka itupwe, iliyo safi itumike.

Fundi wa Jikoni

Muuguzi, hoja yako kuhusu kitindamimba nimeipokea. Kwa wa miaka minne na sita bado nasimama na donge langu, alimradi wanawe mikono baadaye na wasililie njaa karibu nalo.

Kwa wanaotaka kuyahifadhi hadi mwaka ujao: kila pambo lifungwe peke yake kwenye karatasi, lakini wino wa gazeti huhamia kwenye rangi nyeupe, kwa hiyo tumieni karatasi tupu. Kisha yawekwe kwenye boksi mahali pakavu, yale mazito yakiwa chini. Panya nao hupenda unga hata ukiwa na chumvi, hivyo chombo chenye mfuniko ni bora zaidi.

Mwanakwaya

Nimeona kila mtu anazungumzia mti. Naomba nilitaje pango la Noeli, kwa sababu watoto huendelea kulichezea, wakati pambo likishatundikwa limekwisha kazi yake. Simulizi ya pango hili inarudi hadi mwaka 1223, ambapo Fransisko wa Asizi aliandaa hori katika kijiji cha Greccio nchini Italia, kukiwa na nyasi kavu, ng'ombe na punda wa kweli. Alitumia vilivyokuwepo, nanyi mnavyo.

Boksi la viatu lililolazwa ubavu ni pango. Mirija ni watu: mzima mzima kwa Yosefu na Mariamu, uliokatwa robo tatu kwa wachungaji, na vikombe vya trei ya mayai kwa kondoo, vikibandikwa pamba au uzi wa sufu uliokatwakatwa. Sura zichorwe kwenye karatasi ikiwa imelala mezani, ndipo zibandikwe, kwa kuwa mtoto akichora juu ya mrija wa duara kalamu huteleza na mdomo wa Yosefu huishia sikioni. Mavazi yatoke kwenye kurasa za rangi. Mtoto mchanga atoshe ndani ya nusu ya boksi la kiberiti tupu, akiwa amefinyangwa kwa karatasi na kuviringishwa kitambaa, lakini apitishwe kwanza kwenye kipimo cha Muuguzi. Kama anapita, mtengenezeni mkubwa zaidi na hori lake likue naye. Hapo kitindamimba ana kazi halisi, maana nyasi za hori zinahitaji karatasi nyingi iliyochanwa, na hakuna anayechana kwa bidii kumshinda.

Mirija ikipungua msihangaike kutafuta mingine kwa ajili ya mamajusi. Injili ya Mathayo haitaji idadi yao, inataja zawadi tatu tu, dhahabu, uvumba na manemane, na hapo ndipo watu walipohesabu watatu. Wakiwa wawili pangoni mwenu, au wanne, hakuna andiko lililovunjwa.

Mwalimu wa Awali

Nimependa sana hili la mamajusi. Naongeza tu kwamba watu wa mirija wakipinduka kila mara, kata mipasuko minne mifupi chini ya mrija, kunja vile vipande kwa nje viwe nyayo, kisha uvibandike kwenye kipande cha kadibodi.

Mama Watatu

Ahsanteni nyote kwa muda wenu. Tutaanza na mnyororo kwa sababu kila mtu ana sehemu yake, na mkubwa ameshakwenda kutafuta rula. Pango litafuata, maana maboksi ya viatu ninayo mawili na wa miaka minne tayari anauliza kama punda anaweza kuwa wa kijani. Donge la chumvi nitalifanya na wakubwa wawili wakati kitindamimba amelala, na vizibo nimevipandisha juu ya kabati.